Sorry Yao, Pole Yetu

Asubuhi moja ya baridi kali, mwaka wangu wa pili hapa Uingereza, niliingia zamu nikakuta bibi mmoja wa miaka themanini na kitu ameanguka usiku akienda chooni. Hakuvunjika mfupa, lakini paji la uso lilikuwa limevimba na kuwa la rangi ya bilinganya. Saa nne hivi binti yake akafika. Alipomwona mama yake alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilimsogelea, nikamshika mkono, nikamwambia: "I am so sorry. I am really, really sorry."

Moyoni nilikuwa nasema pole. Pole dada, pole sana, kuuguza mama si mchezo. Ungekuwa wewe ungesema hivyohivyo.

Wiki mbili baadaye barua ya malalamiko ilifika hospitali. Ilikuwa ndefu na yenye haki nyingi ndani yake, lakini mstari mmoja ulinihusu mimi: kwamba hata muuguzi wa zamu ya asubuhi alikiri na kuomba radhi. Msimamizi wa wodi akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa maishani: "Uliomba radhi kwa kosa gani?"

Usiku ule mimi nilikuwa nyumbani nimelala. Sikuona chochote. Nilijaribu kueleza kwamba kwetu mtu akiumia unamwambia pole hata kama hukuwepo, hata kama ameanguka mwenyewe kwa uzembe wake. Msimamizi alisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia niandike maelezo. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu kufafanua neno moja. Nilikuwa na stashahada ya uuguzi kutoka nyumbani, nimefaulu mitihani yao ya Kiingereza na ya vitendo, naanza kusomea shahada, na hapo nilikuwa najieleza kwa neno ambalo watoto wa chekechea wa hapa wanalitumia kila dakika.

Uchunguzi ulipokwisha ilionekana kengele ya kumwitia muuguzi ilikuwa imeachwa mbali na kitanda, mahali ambapo yule bibi hakuweza kuifikia. Kwa hiyo binti alistahili kuombwa radhi kweli, na aliombwa na waliopaswa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilisikiliza neno sorry kama mtu anayesikiliza mapafu kwa kipimo, na ndiyo maana naandika makala hii.

Lilianza na kidonda

Wanaofuatilia asili ya maneno ya Kiingereza wanatuambia kwamba sorry, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lilikuwa sārig, yaani mtu aliyejaa uchungu. Lilitokana na sār, maumivu au jeraha. Ni ndugu wa damu wa sore, neno ambalo wauguzi tunaishi nalo: sore throat ni koo linalouma, pressure sore ni kile kidonda kinachompata mgonjwa aliyelala upande mmoja muda mrefu. Cha kushangaza, sorry halina undugu wa asili na sorrow, huzuni. Ni majirani waliokaa karibu miaka mingi mpaka wakafanana sura.

Kwa hiyo mwanzoni aliyesema I am sorry alikuwa anasema "mimi naumia". Hakuwa anaomba chochote. Kuomba radhi kulikuja baadaye: naumia kwa sababu ya nilichokutendea. Maana ya zamani haikufa. Iko kwenye I feel sorry for him, namwonea huruma. Iko kwenye I'm sorry for your loss, ambayo ndiyo "poleni kwa msiba" yao, na ndipo mahali karibu pekee ambapo Mwingereza hatauliza kwa nini unaomba radhi wakati hukumuua marehemu.

Iko pia kwenye msemo ulioniweka pabaya mwezi wangu wa kwanza. Katika makabidhiano ya zamu, mwenzangu alisema mzee wa kitanda cha nne leo "is looking a bit sorry for himself". Nikadhani mzee amefanya fujo usiku na sasa anajutia. Nikaenda kwake na uso wa kumsamehe. Kumbe maana yake ni kwamba mtu amenyong'onyea, amekaa kama kuku aliyenyeshewa, hayuko sawa. Mwenzangu alikuwa ananiambia nimwangalie zaidi. Nilipompima, homa ilikuwa imeshaanza kupanda. Tangu hapo kila muuguzi mpya anayetoka kwetu namtajia msemo huo kabla hata sijamwonyesha kabati la dawa.

Matumizi mengine hayana maumivu ndani yake kabisa. Umesema jambo, mtu hakusikia: "Sorry?" Sauti inapanda mwishoni. Siku za mwanzo nilipokuwa naulizwa "Sorry?" kwenye simu nilikuwa najibu "It's okay", halafu kimya pande zote mbili. Sikiliza sauti. Ikipanda, anakuomba urudie. Ikishuka, anaomba radhi. Ikitoka haraka bila kukutazama, anataka njia. Kwenye korido ya duka kubwa, mama mwenye toroli anayesema sorry anafanya kile ambacho hamali wa Pwani anakifanya kwa kupiga kelele "Simile! Simile!", ila yeye ananong'ona.

Mtaalamu wa utamaduni Kate Fox, katika kitabu chake kuhusu Waingereza kilichotoka mwaka 2004, ameeleza jinsi alivyokuwa akiwagonga watu makusudi mitaani na kwenye vituo vya treni ili aone watasema nini. Wengi wa Waingereza aliowagonga walisema sorry, ingawa kosa lilikuwa la kwake. Nimelishuhudia hilo mwenyewe. Nimemkanyaga mtu mguu kwenye basi akaniomba radhi yeye. Ni neno la kulainisha njia, kama mafuta ya bawaba. Usilichukue kama ungamo.

Halafu kuna sorry ya kukataa. "Sorry, we're full." "Sorry, I can't." Hapa hakuna anayeumia na hakuna anayeomba. Mlango umefungwa, basi. Wanafunzi, hii iangalieni vizuri, maana ina dada yake: "I'm sorry, but..." Chochote kinachokuja baada ya hiyo but ndicho alichokusudia kusema tangu mwanzo, na huwa kikali. Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa na yake: "Sorry, I don't quite follow you here." Mara ya kwanza nikaona huyu mama mnyenyekevu kweli, ameshindwa kunielewa na ananiomba radhi. Sikubadili kitu. Alama zangu zikanifundisha kwamba alikuwa ananiambia aya yangu haieleweki, nikaiandike upya.

Na ipo ile ninayoichukia: "I'm sorry you feel that way." Ukiisikiliza haraka ni radhi. Ukiisikiliza polepole, anayesema hajutii alichofanya, anasikitika kwamba wewe umejisikia vibaya, kana kwamba tatizo limo ndani ya kifua chako. Nimeisikia ikitumiwa na wakubwa kwa wadogo, na karibu kila mara ilikuwa njia ya kufunga mazungumzo. Kwa Kiswahili haitafsiriki bila kuonekana dhihaka yake. Jaribu kumwambia shemeji yako, "Nasikitika kwamba umeudhika," uone atakavyokutazama.

You'll be sorry, hiyo ni utajuta, ni tishio. Kitu kikiwa in a sorry state, kimechakaa hadi kinatia huruma. Tuendelee.

Wagonjwa wanaosema sorry

Kwenye wodi za wazee neno hili linasikika zaidi ya neno lolote isipokuwa tea. "Sorry to bother you, nurse." "Sorry, love, I've made a mess." Mzee amelowesha shuka, anatetemeka, naye ndiye anayeomba radhi. Ilinichukua muda kujua la kufanya. Kwetu mgonjwa hamwombi muuguzi radhi kwa kuugua. Kama lipo la kusemwa, muuguzi ndiye anayesema pole. Siku hizi nikisikia mgonjwa anasema sorry mara nyingi kupita kawaida, najua yawezekana kuna kitu anakificha. Yule anayesema "sorry to be a nuisance" ndiye asiyebonyeza kengele hata maumivu yakimzidi, kwa sababu anaona wengine wana shida kuliko yeye. Namfuata bila kuitwa.

Wenye wazazi wanaolelewa katika nyumba za wazee huku, au wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, watanielewa.

Sasa turudi kwenye pole yetu. Sisi tumegawa kazi ambayo Waingereza wamelibebesha neno moja. Pole ni ya maumivu ya mwenzio. Samahani, neno lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na kusamehe, ni ya kosa langu au ya kukusumbua kidogo. Kumradhi na niwie radhi ni za heshima zaidi. Nimekosa, nisamehe, hizo ni za kupiga magoti. Pole iko jamii moja na mtu mpole na jambo la polepole, na jibu lake, angalau tulikolelewa wengine wetu, ni "nimeshapoa". Neno la Kiingereza limetoka kwenye kidonda, letu limetoka kwenye utulivu. Aliyeumwa anaambiwa poa, naye anajibu amepoa, hata kama jino bado linamgonga.

Ndiyo maana pole tunaipeleka kila mahali. Pole na kazi. Pole na safari. Poleni na mvua. Wiki yangu ya kwanza nilipokuwa naingia asubuhi niliwaambia wenzangu wa zamu ya usiku, kwa uso wa tabasamu, "Sorry for the work." Wakatazamana. Mmoja akauliza kama kuna kazi niliyowaachia. Mwingine, niliambiwa baadaye, alidhani nawakejeli kwamba hawakufanya kitu.

Wenzetu wa Afrika Magharibi wanayo shida hiyohiyo. Wachunguzi wa Kiingereza cha Afrika waliandika zamani kwamba Waghana na Wanaijeria hutumia sorry kwa maana ya pole, na sisi wa Afrika Mashariki vilevile. Siku moja kikombe kilimponyoka muuguzi wa Wales kwenye chumba cha mapumziko kikavunjika. Mghana, Mnaijeria na mimi tukasema kwa pamoja, "Sorry!" kama kwaya. Akatutazama watatu: "Mbona ninyi? Nimeangusha mimi."

Wanasheria nao wameingia

Utacheka mpaka siku neno hili litakapokupeleka ofisini kama mimi. Katika nchi hizi watu wanadaiana fidia, na kwa muda mrefu kumekuwa na hofu kwamba ukisema sorry umejitia kitanzi. Hofu hiyo imekuwa kubwa hadi mabunge yakatunga sheria.

Jimbo la Massachusetts la Marekani lilitangulia mwaka 1986. Seneta mmoja wa jimbo hilo alikuwa amempoteza binti yake, aliyegongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, na dereva hakuwahi kusema hata neno moja la kusikitika. Sheria iliyotokana na hapo inasema kwamba maneno na vitendo vya huruma kwa aliyeumia katika ajali haviwezi kutumiwa mahakamani kama ushahidi kwamba umekiri kosa. California nayo ina sheria ya namna hiyo. Lakini angalia kwa makini, hasa ninyi mlioko Marekani: sheria nyingi za majimbo zinalinda huruma tu. Ukisema "I'm sorry you're hurt" umelindwa. Ukiongeza "it was my fault", hicho kipande cha pili kinaweza kukufuata. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Wanasheria wametumia kurasa nyingi kuitenga pole na samahani, kazi ambayo Kiswahili kilishaimaliza.

Kanada imekwenda mbele zaidi. British Columbia mwaka 2006 na Ontario mwaka 2009 zilitunga Sheria ya Radhi, inayolinda hata radhi yenye kukiri ndani yake katika kesi za madai. Hapa England na Wales, Sheria ya Fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi, peke yake, hakuhesabiwi kuwa umekiri uzembe. Scotland ilipata ya kwake mwaka 2016.

Kwa sisi wa hospitali kuna zaidi. Baada ya ripoti ya mwaka 2013 kuhusu mateso ya wagonjwa katika hospitali za Mid Staffordshire, uliwekwa wajibu wa kisheria wa kusema ukweli kwa mgonjwa. Ulianza Novemba 2014 kwa taasisi za NHS na mwaka uliofuata kwa watoa huduma wengine. Mgonjwa akipata madhara ya kiwango fulani kwa sababu ya huduma, taasisi lazima imwambie, na lazima iombe radhi. Na mbali ya taasisi, kila muuguzi, mkunga na daktari anao wajibu wake mwenyewe kutoka kwenye baraza lake: jambo likienda kombo mwambie mgonjwa, mwombe radhi, rekebisha kinachorekebishika, mweleze kitakachofuata. Kwa hiyo ndugu zangu mnaoingia kazi hizi, yale mnayonong'onezana kwamba "usiseme sorry utafukuzwa" hayana msingi. Kinachokupoteza ni kuficha. Sema, ila jua unasema ipi.

Barabarani ni mambo mengine. Mkigongana magari hapa Uingereza, sheria inakutaka usimame na utoe jina lako, anwani na namba ya gari. Haikutaki utamke papo hapo nani mkosaji, na kampuni za bima huwaambia wateja wao wasifanye hivyo. Mswahili akishuka kwenye gari anaanza na "sorry, sorry, sorry" kwa maana ya pole, na yule mwingine anazihesabu. Anza na "Are you all right?" Nayo ni pole, imevaa koti la Kiingereza.

Ukitaka kuona neno linavyoogopwa na wakubwa, kumbuka wiki moja ya mwaka 2023. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles akiwa Nairobi alizungumzia ukatili uliofanywa dhidi ya Wakenya wakati wa kupigania uhuru, akasema unampa huzuni kubwa na majuto makubwa, na kwamba hauna kisingizio. Hakuomba radhi rasmi. Miaka kumi kabla yake, Juni 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague alisema bungeni London kwamba serikali inajutia yaliyowapata Wakenya hao, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, huku ikiendelea kukataa kwamba inawajibika kisheria. Neno lililotumika ni regret. Ni sorry iliyopita kwanza kwa wakili.

Siku moja tu baada ya hotuba ya Nairobi, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea. Pale penye kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, mbele ya ukoo wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, alisema anaona aibu na kwamba anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Hakusema kwa Kiingereza, kwa hiyo sorry haikuhusika. Lakini nilisoma habari hizo mbili kwenye simu usiku mmoja wakati wa mapumziko, moja chini ya nyingine, nikatafuta Kiswahili cha kila moja. Ya Nairobi, kwa masikio yangu, ilikuwa pole. Ya Songea ilikuwa samahani. Kila mmoja atapima mwenyewe ipi inatosha, na kama bila fidia hata samahani inatosha.

Nyumbani kwangu vita hivi vinapiganwa kwa njia ndogo zaidi. Mwanangu ana miaka minane na amezaliwa hapa. Jumapili tunampigia mama yangu kwa video. Siku moja mama akamwambia, "Mjukuu wangu, bibi goti linaniuma, sikulala." Mtoto akamtazama tu. Mama akasubiri. Nikamnong'oneza mtoto, "Mwambie pole." Akanigeukia akasema kwa Kiingereza, tena kwa sauti, "But I didn't do anything!"

Mama haelewi Kiingereza kingi lakini sauti aliielewa. Alinyamaza kidogo, kisha akaulizia hali ya hewa. Baada ya simu alinitumia ujumbe wa sauti: mtoto unamlea vizuri, anakula, anasoma, lakini je, hana huruma?

Iliniuma. Mtoto wangu ana huruma hadi anaokoa konokono njiani. Tatizo ni kwamba kichwani mwake pole imehifadhiwa kwenye kabati la sorry, na sorry shuleni kwao ni kitu unacholazimishwa kusema ukimsukuma mwenzio. "Say sorry to him." Ni adhabu ndogo. Ukimwambia aseme kwa bibi aliye maili elfu kadhaa, anajiona anasingiziwa kulivunja goti.

Nimejaribu kumfundisha bila kutafsiri. Akijigonga kwenye meza nasema pole. Basi likichelewa, pole. Baba yake akirudi kazini, tunamwambia pole na kazi, sote, hata kama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta. Mwezi uliopita niliunguza mkono kwa mvuke wa sufuria na kabla sijageuka nikasikia kutoka sebuleni, bila kuinua macho kwenye mchezo wake, "Pole mama." Nilimjibu nimeshapoa, ingawa mkono ulikuwa unawaka moto.

Nimalizie na langu mwenyewe, maana nimewasema wengi.

Mwaka jana mzee mmoja aliletwa wodini kutoka mapokezi ya dharura akiwa na maumivu ya mgongo. Nikampa parasetamoli gramu moja. Saa moja baadaye, nikipanga karatasi zake, nikaona kwamba dharura walikuwa wameshampa gramu moja nyingine, masaa mawili tu kabla ya yangu. Kati ya dozi na dozi zinatakiwa zipite saa zisizopungua nne. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ambayo sikuifunua. Hakuna wa kumsukumia. Ni mimi.

Nilimwita daktari, akasema hana hatari, dozi inayofuata icheleweshwe na aangaliwe. Nikajaza fomu ya tukio. Kisha ikabaki sehemu ya kwenda kitandani. Nilisimama koridoni nikitafuta neno, na neno lililokuwepo ni lilelile nililokuwa nimelitumia siku nzima: kwa mtu wa usafi niliyempita, kwa mgonjwa ambaye sikumsikia, kwa simu niliyoichelewa. Lilikuwa limechakaa kama sarafu ya zamani. Kwa Kiswahili ningejua pa kushika. Ningesema, "Mzee wangu, nimekosa," na angejua kwamba hii si ya kupita njia.

Nikafunga pazia, nikavuta kiti, nikakaa ili macho yetu yalingane. Nikamwambia polepole nilichofanya, dawa gani, saa ngapi, kwa nini ilitokea, daktari amesema nini, tutamwangaliaje. Nikasema, "This was my mistake, and I am sorry." Nikaacha kimya, sikukijaza.

Mzee alinitazama muda mrefu. Akainama mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sorry?" akasema.

Vifaa vyake vya kusikia vilikuwa kwenye droo. Nikavichukua, nikamsaidia kuvivaa, nikakaa tena, nikaanza upya kuanzia mwanzo.